Pasi Moja na Malkia wa Shupaza

Karata nilijifunza barazani, Tanga, kwa kuwaangalia wakubwa kabla sijaruhusiwa kuzishika. Mchezo ulikuwa wahedi wa sitini: watu wanne kwenye jamvi, wawili kwa wawili, na upande unaokusanya pointi 61 kati ya 120 ndio umeshinda. Ree ilikuwa na pointi 11, saba 10, kisha mzungu wa nne (mfalme), mzungu wa tatu (ghulamu) na mzungu wa pili (malkia), kila mmoja na pointi za jina lake. Mwenzangu akikuna sikio, nilijua ana ree ya turufu, ile aina inayozishinda nyingine zote. Akifumba jicho moja, nilijua hana kitu. Kwetu hakuna aliyeuita huo wizi. Kukonyezana kulikuwa ufundi, na kazi ya wapinzani ilikuwa kututazama usoni.

Miaka mingi baadaye mzee mmoja aliniketisha kwenye meza ya briji. Nikaona mambo niliyoyazoea: karata 52, kila mtu 13, washirika wanatazamana, lazima ufuate aina iliyoanzishwa, ukiishiwa unaruhusiwa kukata kwa turufu. Nikajiona niko nyumbani. Kisha akaniambia: "Hapa, mwanangu, humkonyezi mwenzio hata kwa ukucha. Ukitaka kumwambia kitu, mwambie mbele ya wote, na una maneno 38 tu."

Nataka kueleza maneno hayo 38, na namna yanavyoamua karata gani itoke mkononi dakika kumi baada ya kutamkwa. Wengi wanaoanza briji hufundishwa mnada kama somo moja na uchezaji kama somo jingine, na ndiyo sababu wanachelewa kuuelewa mchezo. Ni somo moja. Nitalionyesha kwa mgao mmoja, karata kwa karata.

Kwanza tuelewane juu ya yanayotokea mezani. Kila mchezaji hutoa karata moja, zinakuwa nne, mwenye kubwa anakula. Huo nitauita mzunguko. Mizunguko ni 13. Kabla ya karata ya kwanza kutoka, pande mbili hushindana katika mnada: nani ataahidi kula mizunguko mingi zaidi, na turufu iwe ipi. Sita za mwanzo hazitajwi. Anayesema "shupaza moja" anaahidi kula saba, anayesema "shupaza nne" anaahidi kumi. Ngazi ni saba, na kila ngazi ina vyeo vitano, kuanzia chini: pau, uru, kopa, shupaza, na juu yao bila turufu. Saba mara tano ni 35. Ongeza pasi, ongeza dabo ya kumwambia mpinzani "hufiki", na ridabo ya kumjibu "nafika tena sana". Ndiyo 38. Tamko likifuatwa na pasi tatu mfululizo, mnada umekwisha na tamko hilo limekuwa mkataba.

Hilo neno mkataba ndilo moyo wa mambo. Zamani, katika briji ya mnada, upande uliokula mizunguko kumi ulilipwa ya kumi hata kama uliahidi saba tu. Basi kwa nini mtu apande ngazi kwa hiari yake? Mwaka 1925 Mmarekani Harold Vanderbilt, akiwa safarini kwa meli kupitia mfereji wa Panama, aliwajaribishia wenzake hesabu mpya: thawabu kubwa ni ya aliyeahidi na akatimiza, na anayekula zaidi ya ahadi yake anapata makombo. Wafaransa walikuwa na wazo la namna hiyo tayari katika mchezo wao wa plafond, lakini hesabu ya Vanderbilt ndiyo iliyoenea duniani. Tangu hapo mnada ukawa kazi ya kujipima: tuna nguvu kiasi gani, sisi wawili, bila kuonana karata?

Tazama tarakimu zenyewe. Kwa turufu ya shupaza au kopa, kila mzunguko ulioahidiwa, juu ya zile sita za mwanzo, una pointi 30. Kwa uru na pau ni 20. Bila turufu, wa kwanza ni 40 na inayofuata 30. Ahadi zako zikifika 100 umepata gemu, nayo ina thawabu ya 300, au 500 ikiwa upande wako uko hatarini, hali inayopangwa kabla ya mgao. Usipofika 100 thawabu ni 50 tu. Kwa hiyo shupaza nne iliyotimizwa, bila kuwa hatarini, ni 120 na 300, jumla 420. Ukisimama kwenye shupaza tatu halafu ukala kumi zilezile, unapata 170. Ukijitosa kwenye nne ukaishia na tisa, unapoteza 50, wakati aliyesimama kwenye tatu angepata 140.

Hapo ndipo uamuzi ulipo, nao una hesabu yake. Kujitosa kukifaulu, umeongeza 250. Kukishindikana, umepoteza 190. Gawanya 190 kwa 440: inatosha kuwa na nafasi ya asilimia 43 hivi ili kupanda kuwe na faida. Ukiwa hatarini faida ni 450 na hasara 240, na asilimia 35 inatosha. Nimewaona watu waangalifu sana maishani wakisimama kwenye tatu usiku kucha, wakidhani wanaokoa pointi. Hesabu inasema wanazimwaga.

Sasa nguvu hupimwaje? Kipimo kilichozoeleka, ambacho mtaalamu wa briji Milton Work alikieneza na baadaye Charles Goren akakifanya cha watu wote, ni hiki: ree pointi 4, mfalme 3, malkia 2, ghulamu 1. Kila aina ina 10, karata zote 40. Mkono wa kawaida una 10. Ukiwa na 12 nzuri au 13, unafungua mnada. Ukiwa na chini ya hapo, kwa kawaida unasema pasi. Na wawili mkifikisha 25 hivi kwa pamoja, gemu ya shupaza, kopa au bila turufu iko karibu. Aliyelelewa na mzungu wa nne na mzungu wa tatu atahitaji siku mbili tatu kuzoea, kwani hapa malkia anamzidi ghulamu, na saba haina thamani yoyote.

Huu hapa mgao. Umeketi Kusini. Karata zako:

Shupaza: ree, ghulamu, 10, 6, 3
Kopa: 8, 4
Uru: mfalme, 7, 5
Pau: ree, malkia, 9

Hakuna aliye hatarini. Magharibi ndiye mgawaji, hivyo yeye ndiye wa kwanza kusema. Anasema pasi. Mwenzio, Kaskazini, pasi. Mashariki, pasi. Zamu yako.

Unazo pointi 14 na shupaza tano. Unasema "shupaza moja". Neno hilo limebeba mambo mawili: nina 12 au zaidi, na shupaza zangu ni tano au zaidi. Magharibi pasi tena. Mwenzio anasema "shupaza tatu". Kumbuka alishapasi mwanzo, kwa hiyo hana 12. Anachosema sasa ni: "Nina 10 au 11, na shupaza zako nimezipenda. Ukiwa na ziada kidogo, panda." Una ziada? Pointi 14, na kopa ziko mbili tu, maana yake kopa ya tatu utaikata. Unakumbuka asilimia 43. Unasema "shupaza nne", wote wanapasi.

Magharibi, aliye kushotoni kwako, ndiye anayeanza. Anatoa ree ya kopa. Mwenzio sasa anaweka karata zake zote mezani, wazi, naye kazi yake imekwisha, utazicheza wewe.

Shupaza: mfalme, 9, 8
Kopa: 9, 7, 3
Uru: malkia, ghulamu, 8, 2
Pau: mfalme, ghulamu, 4

Hapa ndipo mzee wangu alipokuwa akinishika mkono, kwa maana halisi, kidole juu ya kifundo. "Usiguse karata yoyote ya mezani. Hesabu kwanza." Nilikuwa na haraka ya barazani, ambako karata hupigwa kwenye jamvi kwa kishindo. Yeye alitaka kimya cha nusu dakika.

Hesabu basi. Kopa mbili zinaondoka, hakuna la kufanya. Ree ya uru huna, hiyo ni ya tatu. Zilizobaki zote zinaweza kuwa zako, isipokuwa moja: malkia wa shupaza. Akila yeye, umepoteza nne, umekula tisa, mkataba umevunjika. Kwa hiyo mgao mzima umekuwa swali moja: malkia wa shupaza yuko kwa nani?

Shupaza zenu ni nane, za wapinzani tano: malkia na ndogo nne. Karata tano hugawanyika tatu kwa mbili mara 68 katika 100, nne kwa moja mara 28, tano kwa sifuri mara 4. Ukicheza ree na mfalme tu, ukiomba malkia aanguke, ataanguka kama theluthi moja ya migao. Ni nafasi mbaya. Njia bora ni kupenyeza, yaani kumpitisha ghulamu au 10 huku mwenye malkia akilazimika kucheza kabla yako. Ikiwa malkia yuko Mashariki, unaanza na mfalme wa mezani, kisha unatoa 9 kutoka mezani. Mashariki akiweka ndogo, unaiacha au unaweka 10, na malkia amenaswa. Ikiwa yuko Magharibi, unaanza na ree ya mkononi, kisha unatoa ghulamu kuelekea mezani. Njia zote mbili ziko wazi. Ukirusha shilingi, nafasi yako ni nusu na kidogo juu. Hapa wengi hurusha shilingi kweli, moyoni, kisha wakikosa husema bahati haikuwa yao. Lakini jibu lilikwishatamkwa mezani.

Rudi kwenye ree ya kopa. Magharibi ameitoa, na Mashariki akaitupia malkia wa kopa chini yake. Mtu hamtupi malkia ovyo. Kwa mazoea ya wachezaji, malkia chini ya ree ya mwenzako husema "ghulamu ninaye pia". Magharibi anaendelea na mfalme wa kopa, kisha 6, na kweli, Mashariki anaweka ghulamu. Wewe unakata kwa shupaza 3. Imepita mizunguko mitatu.

Sasa simamisha saa. Wewe una pointi 14, mezani kuna 10. Wapinzani wana 16 kwa pamoja. Magharibi ameonyesha ree na mfalme wa kopa: 7. Mashariki ameonyesha malkia na ghulamu: 3. Jumla 10. Zimebaki 6, nazo ni karata mbili tu duniani: ree ya uru, 4, na malkia wa shupaza, 2.

Mwanafunzi hukimbilia turufu hapa. Ameambiwa turufu za wapinzani ziondolewe mapema, na mara nyingi ni kweli. Lakini leo turufu ndizo zenye swali, na swali usilijibu kabla hujalazimika. Kuna jambo jingine unaloweza kulifanya bila gharama: ree ya uru itakula tu, utake usitake. Ni deni. Basi lilipe sasa, upate risiti. Unatoa mfalme wa uru kutoka mkononi.

Nani anaila?

Anaila Magharibi. Umeshapata jibu, na hujaigusa shupaza yoyote zaidi ya ile uliyokatia. Magharibi ana ree na mfalme wa kopa, na ree ya uru: 11. Angekuwa na malkia wa shupaza pia, angekuwa na 13. Mtu mwenye pointi 13, ree mbili na mfalme, akiwa wa kwanza kuulizwa, anafungua mnada. Huyu alisema pasi. Kwa hiyo malkia wa shupaza hayuko kwake. Yuko Mashariki.

Mara ya kwanza nilipofuata mnyororo huo mpaka mwisho, nywele zilinisimama. Neno la kwanza kabisa la mgao, lile ambalo mtu hulisema kwa uchovu na kila mtu husahau, ndilo lililofichua karata iliyofichwa. Mtu hakutoa siri yoyote. Alikaa kimya, na kimya chake kikawa ushahidi.

Maliza kazi. Magharibi hana kopa tena, anatoa pau. Unakula kwa malkia wako. Unatoa shupaza 6 kwenda kwa mfalme wa mezani. Magharibi 4, Mashariki 2. Unatoa 9 kutoka mezani. Mashariki anaweka 5. Wewe unaweka 10, bila kusita, na Magharibi anafuata na 7. Sasa weka ree: malkia anaanguka kutoka Mashariki, peke yake. Waliokuwa wakiomba malkia aanguke kwa ree na mfalme wangekuta bado amesimama. Hesabu mizunguko yako: shupaza tano pamoja na ile ya kukata, pau tatu, uru mbili. Kumi. 420.

Niseme kitu juu ya ile marufuku ya kukonyeza, maana ndiyo inayoufanya ushahidi huu uwe wa kuaminika. Katika mashindano wachezaji hawatamki kwa mdomo. Kila mmoja ana kisanduku chenye vikadi, huchomoa kimoja na kukiweka mezani, ili sauti ya kinyonge au ya majivuno isimwambie mwenzake chochote. Kwenye mashindano makubwa huwekwa kiambaza kinachokata meza kimshazari, washirika wasionane. Mashindano ya ubingwa wa dunia yalianza kukitumia mwaka 1975. Na kusita ni habari pia. Ukifikiri dakika nzima kisha ukasema pasi, mwenzio amejua una kitu, na sheria inamkataza kuitumia habari hiyo. Wapinzani wenu wanaruhusiwa kuitumia, kwa hatari yao wenyewe. Vilevile maana ya kila tamko lenu si siri yenu wawili. Nikikuuliza "shupaza tatu ya mwenzio maana yake nini?", ni haki yangu kujibiwa kikamilifu. Mimi niliyelelewa kwenye kukuna sikio nilipata shida na hili kwa muda mrefu. Sasa naona uzuri wake. Kila mtu ana habari ileile. Tofauti ni nani ameisikiliza.

Kuna jambo jingine barazani hatukuwa nalo. Katika briji ya mashindano mgao uleule, karata zilezile 13 kwa kila kiti, huhifadhiwa kwenye kibao chenye mifuko minne na kupelekwa meza hadi meza. Kusini wote watapata mkono uleule niliouonyesha juu. Hulinganishwi na wapinzani ulioketi nao, unalinganishwa na wengine waliokalia kiti chako. Karata mbaya hazikudhuru, kwa kuwa wenzako wamezipata pia. Kwenye mgao wetu, walioishia shupaza tatu watakuwa na 170 wakimpata malkia na 140 wakimkosa. Walioahidi nne wakarusha shilingi upande mbaya watakuwa chini ya sifuri kwa 50. Anayetaka kujaribu bila kuwa na watu watatu karibu anaweza kuketi kwenye tovuti ya Bridge Base Online, ambako meza zimejaa saa zote.

Nimeulizwa mara nyingi: je, kama ree ya uru ingekuwa kwa Mashariki? Hapo Magharibi angekuwa na 7, na 9 akiwa na malkia. Pasi yake isingesema lolote. Ungebaki na dalili dhaifu, kwa mfano nani anaonekana kuwa na kopa nyingi, kwa kuwa mwenye nyingi za aina moja ana nafasi chache za kuweka malkia wa shupaza. Ni kitu, lakini si ushahidi kama ule. Si kila mgao unajibika. Ndiyo sababu ulimtoa mfalme wa uru kwanza: kuuliza kama huu unajibika.

Sasa badilisha neno moja tu. Acha karata zako 13 na za mezani 13 zilivyo. Kopa zimechezwa vilevile, ree na mfalme kwa Magharibi, malkia na ghulamu kwa Mashariki. Mfalme wa uru ameliwa na ree ya Magharibi vilevile. Ila mwanzoni, badala ya pasi, Magharibi alifungua kwa "uru moja". Kwa pointi 11 tu asingefungua. Akiongeza zile mbili zilizobaki, anafika 13, na ufunguzi wake unaeleweka. Unakula pau, unaweka ree ya shupaza kutoka mkononi, wote wanafuata. Unatoa ghulamu. Magharibi anaweka ndogo, nawe unamwacha ghulamu apite.